Mbolea Inapoanguka Kutoka Hewani



Mkulima wa kwetu akipata mfuko mmoja wa urea hushukuru. Bei yake humtoa jasho, na bila mbolea hiyo shamba lililochoka humpa mahindi ya kimo cha goti. Sasa fikiria nchi ambako chakula hicho hicho cha mimea huanguka chenyewe kutoka hewani, usiku na mchana, bila malipo, na bado wataalamu wake wanakiita balaa. Nchi hiyo ni Uholanzi. Je, wamerogwa? Hata kidogo.

Kiini cha urea ni naitrojeni. Zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mimea mingi haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo, mithili ya mtu mwenye kiu aliyezungukwa na maji ya bahari. Lazima kwanza ibadilishwe: na radi, au na vijidudu vya udongoni kama wale waishio katika mizizi ya kunde, au kiwandani. Kwa maelfu ya miaka kiasi kilichobadilishwa kilikuwa haba, na mimea ikajizoeza kuishi kwa kidogo.

Uholanzi ni nchi ndogo yenye mamilioni ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Mkojo na kinyesi chao hutoa gesi ya amonia. Moshi wa magari na viwanda nao hubeba naitrojeni. Upepo huipeperusha, kisha hurudi ardhini pamoja na mvua, au bila mvua.

Huko kuna mbuga za kichanga zenye kichaka kifupi cha maua ya zambarau, ambacho ni cha ukoo mmoja na vichaka vya Erica vinavyoota juu ya misitu ya mlima Kilimanjaro. Kichaka hicho hustahimili umaskini wa udongo. Zamani wakulima walilisha kondoo pale na kuchimba udongo wa juu kupeleka mazizini, na hivyo ardhi ikabaki maskini. Naitrojeni ilipozidi, nyasi zilizokuwa zikidumaa kwa njaa zikapata nguvu. Kichaka chenyewe kiliposhambuliwa na mbawakawa wapendao majani yake yaliyonona, mapengo yakatokea, na nyasi zikayajaza. Kufikia miaka ya 1980, zaidi ya theluthi moja ya mbuga hizo ilikuwa imegeuka nyasi.

Mpita njia huona kijani kibichi akafurahi. Kumbe kijani hicho kinadanganya! Mimea mingi ya aina mbalimbali imesukumwa kando na aina chache zenye ulafi, na wadudu walioitegemea wameondoka nayo. Chumvi ni kitamu, lakini ikizidi mchuzi humwagwa.

Jambo hili likafika mahakamani. Mei 2019 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilibatilisha utaratibu wa serikali wa kutoa vibali, na maelfu ya miradi ya ujenzi na ufugaji ikakwama. Oktoba mwaka huo wakulima waliingia The Hague na matrekta kulalamika. Machi 2020 mwendo wa magari mchana katika barabara kuu ulishushwa hadi kilomita 100 kwa saa. Mkulima aliyehimizwa miaka mingi azalishe zaidi sasa aliambiwa apunguze mifugo. Uchungu wake unaeleweka.

Sisi tuna tatizo la kinyume: mashamba yetu mengi yana njaa. Lakini somo ni moja. Ile harufu kali inayochoma pua karibu na banda la ng'ombe ni mbolea inayokwenda zake hewani. Samadi iliyoachwa wazi juani humpunja mkulima mara mbili: shamba lake linakosa, na upepo unapeleka pasipohitajika. Ifunikeni, na mkiitandaza shambani, ifukieni upesi.