Sheria Ikisemwa kwa Lugha ya Wenyewe

Ndugu msomaji, mfikirie mjane wa Mkokotoni. Mumewe amefariki, eda haijesha, na mashemeji wamekwishaanza kuhesabu minazi na vyumba vya nyumba. Akiuliza haki yake, hujibiwa kwa mkato: "Sheria ndivyo isemavyo." Je, atajuaje kwamba ndivyo isemavyo kweli?

Swali hilo lina umri mkubwa. Katika mwaka 528, Mfalme Justinian, aliyetawala Dola ya Kirumi kutoka Constantinople, mji uitwao leo Istanbul, alizikuta sheria za dola yake zimetapakaa na kupingana. Alianza kwa kuzikusanya amri za wafalme waliomtangulia. Kisha, mwaka 530, alimkabidhi mwanasheria Tribonian kazi nzito zaidi: kuyapitia maandishi ya wanasheria wa kale. Kwa hesabu yao wenyewe, vilikuwa vitabu karibu 2,000, vyenye mistari milioni tatu. Kufikia mwaka 533, Tribonian na wenzake walikuwa wameyachuja hayo yote yakabaki mistari 150,000 tu, katika vitabu 50.

Hata hivyo, Tribonian hakuwa malaika. Katika ghasia za mwaka 532 raia walipiga kelele aondolewe, wakimshutumu kuuza haki kwa fedha. Aliondolewa, lakini kazi iliendelea, na baadaye akarejeshwa. Tena mkusanyo ule uliandikwa kwa Kilatini, hali wakazi wengi wa mji mkuu walisema Kigiriki. Ikabidi wapatikane walimu wa kuwafafanulia watu sheria yao wenyewe.

Sasa turudi Unguja. Kwa miaka mingi makadhi wetu, wa Kisunni na wa Kiibadhi, walihukumu kwa kutegemea vitabu vya fiqhi vya Kiarabu. Elimu ilikuwapo, tena kubwa, lakini ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa wachache. Miongoni mwa walioufungua mlango huo ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Alikuwa mwalimu, akawa Kadhi wa Zanzibar mwaka 1960, na kuanzia mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ya Kurani ilitoka mwaka 1969. Pamoja na kazi hiyo kubwa, aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya ndoa, talaka na maamrisho yake. Alifariki Oman mwaka 1982.

Tusichanganye mambo, ndugu msomaji. Kazi ya Tribonian ilipewa nguvu ya sheria na mfalme. Kitabu cha Sheikh Farsy hakikuwa amri ya Serikali. Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar iliwekewa sheria yake mwaka 1985, na sheria mpya ikatungwa mwaka 2017. Sheria hizo zaeleza mamlaka ya mahakama. Lakini katika mambo ya ndoa na mirathi, kadhi angali anarejea fiqhi. Kwa hiyo mwananchi asiyeijua hutegemea kinywa cha mwingine.

Hapo ndipo thamani ya maandishi ya Kiswahili inapoonekana. Mjane wetu akijua kwamba, baada ya madeni na wasia, fungu lake ni thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, hatababaishwa na shemeji. Akijua kwamba eda yake ni miezi minne na siku kumi, hataharakishwa kuihama nyumba.

Kitabu hakiwezi kukaa mahali pa kadhi, wala hakimzuii dhalimu kudhulumu. Lakini humpa mnyonge neno la kusema mbele ya mahakama. Basi tuweke vyema vyeti vya ndoa na talaka, tuulize kabla ya kutia saini, na tuwasomee mabinti zetu haki zao wangali nyumbani, wasije wakazisikia kwa mara ya kwanza siku ya matanga.