Tetemeko Moja, Mtikisiko Tofauti: Umuhimu wa Kuijua Ardhi Kabla ya Kujenga

Mkoa wa Kigoma upo kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, ambamo limo Ziwa Tanganyika. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya ziwa hilo, likabomoa nyumba katika mji wa Kalemie, Kongo, na kusikika hadi nchi jirani. Kata ya Busunzu ipo mbali na ziwa, lakini mtikisiko husafiri. Nguvu yake hutegemea pia aina ya ardhi iliyo chini ya nyumba.

Mawimbi mawili

Mwamba unapokatika ardhini, nguvu husambaa kwa mawimbi. Wimbi la kwanza huisukuma na kuivuta ardhi kuelekea linakokwenda, na katika mwamba mgumu husafiri takriban kilomita 6 kwa sekunde. La pili huitikisa ardhi upande kwa upande au juu na chini, kwa takriban kilomita 3.5 kwa sekunde. Mahali palipo umbali wa kilomita 120, la kwanza hufika baada ya sekunde 20 na la pili baada ya sekunde 34 hivi. La kwanza hupita hata majini, kwa kilomita 1.5 kwa sekunde. La pili halipiti majini, kwa kuwa maji yakisogezwa upande hayarudi mahali pake. Kwa kawaida hilo la pili ndilo lenye madhara zaidi kwa kuta.

Mwamba na udongo laini

Wimbi la pili likitoka kwenye mwamba na kuingia kwenye udongo laini wenye maji, mwendo wake hushuka hadi mita mia chache kwa sekunde. Nguvu iliyokuwa ikienda kasi hurundikana, na ardhi huyumba zaidi. Tarehe 19 Septemba 1985, jiji la Mexico City liliharibiwa vibaya na tetemeko lililoanzia zaidi ya kilomita 300, kwa sababu sehemu kubwa yake imejengwa juu ya tope la ziwa la kale.

Hatua kwa wananchi

Katika tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, watu zaidi ya 15 walifariki na nyumba nyingi zilibomoka. Kwa hiyo, anayetarajia kujenga azingatie yafuatayo:

- Aepuke kinamasi, kifusi kisichoshindiliwa na ukingo wa mteremko mkali.
- Achimbe msingi hadi kwenye ardhi ngumu.
- Afunge kuta zote kwa mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha.
- Aombe ushauri wa kitaalamu kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata kabla ya kuanza ujenzi.

Tetemeko halizuiliki, lakini mahali pa kujenga huchaguliwa na mwenye nyumba.