Kombe la Washindi Lilikwenda Wapi?

Kila Gor Mahia inapotajwa pamoja na mwaka wa 1987, vijana wa barazani huniuliza: kombe lile lilikuwa lipi, na mbona halichezwi tena? Ni swali la haki, maana aliyezaliwa baada ya 2003 hakuliona kamwe. Nitalieleza kwa ufupi, kwa sababu kisa chake kinatugusa hata sisi watu wa Pwani.

Kombe la Washindi Barani Afrika lilianza 1975. Wakati huo mabingwa wa ligi tayari walikuwa na kombe lao la bara. Hili la pili likawa la timu zilizotwaa kombe la nchi zao, yale mashindano ya mtoano ambayo ukifungwa leo, umerudi nyumbani. Tonnerre Yaoundé ya Cameroon ndiyo iliyolinyakua mara ya kwanza.

Utamu wake ulikuwa hapo hapo. Ligi inataka kikosi kipana na mfuko wa kukufikisha mwisho wa msimu. Kombe la nchi lataka mechi chache tu, na timu isiyo na makuu ikijipanga vizuri, inaweza kumtoa mkubwa. Kwa hivyo mlango wa kwenda Afrika haukuwa wa matajiri pekee.

Kenya ilifika fainali mara tatu. Mwaka wa 1979 Gor Mahia ilikutana na Canon Yaoundé, ikafungwa jumla ya mabao 8-0. Ilikuwa aibu kubwa. Ndipo ukaja 1987. Al Ahly ya Misri ilikuwa imelitwaa kombe hilo miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Gor, chini ya nahodha Austin Oduor na ikiwa na mshambuliaji Peter Dawo, ilikwenda Tunis kucheza na Espérance, ikatoka sare ya 2-2. Marudiano Nairobi yakaisha 1-1. Jumla ikawa 3-3, na Gor ikabeba kombe kwa sababu ya mabao ya ugenini. Wakenya wengi walilijua kwa jina la Kombe la Mandela, na Mandela mwenyewe bado alikuwa gerezani. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa taji la bara. Kenya Breweries ilijaribu 1994, ikalala kwa Motema Pembe ya Kinshasa jumla ya 5-2.

Basi nini kilichoiua? Kwanza, mashindano yalizidi. Mwaka wa 1992 shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilianzisha kombe la tatu, Kombe la CAF, la timu zilizomaliza nyuma ya mabingwa. Majirani zetu Simba ya Dar es Salaam walifika fainali yake 1993. Walitoka sare tasa Abidjan na Stella, kisha wakafungwa 2-0 nyumbani. Wazee wa Dar hawajaisahau siku ile.

Pili, pesa. Mwaka wa 1997 kombe la mabingwa liligeuzwa kuwa Ligi ya Mabingwa, yenye makundi, mechi nyingi na zawadi nono. Macho ya wadhamini na televisheni yakahamia huko, na makombe mengine mawili yakabaki kama watoto wa kambo. Ulaya nako mambo yalikuwa hayo hayo: Kombe lao la Washindi lilifungwa 1999, Lazio ya Italia ikiwa ya mwisho kulibeba.

Kwetu Étoile du Sahel ya Tunisia ilitwaa la mwisho 2003. Mwaka uliofuata CAF ikayaunganisha makombe yale mawili madogo, likazaliwa Kombe la Shirikisho tunalolijua sasa. Hearts of Oak ya Ghana ikawa ya kwanza kulishinda.

Kwa hivyo Kombe la Washindi limekufa jina, lakini limeacha mrithi. Yanga ilifika fainali ya mrithi huyo 2023, ikatoka 2-2 kwa jumla na USM Alger ya Algeria na kulikosa kwa mabao ya ugenini, kanuni ile ile iliyoipa Gor taji. Simba nayo ilifika 2025, ikacheza marudiano na RS Berkane ya Morocco pale Amaan, Zanzibar. Kombe likaenda Morocco, lakini bahari yetu ilionja fainali.

Na mlango ule wa zamani haukufungwa. Mshindi wa kombe la nchi bado ndiye anayeiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho. Bandari yetu ya Mombasa ilipita hapo hapo 2019: ilishinda kombe la nchi, ikaenda kucheza Afrika bila kuwa bingwa wa ligi.

Hapa ndipo ninapotoa maoni yangu. Kuchukua ubingwa wa ligi kunahitaji kustahimili mechi 34, na klabu zetu za Pwani mara nyingi huishiwa nguvu na nauli kabla ya kufika huko. Kombe la nchi ni mechi za kuhesabika kwa vidole. Viongozi wasilichukulie kama mazoezi ya wachezaji wa akiba, na sisi mashabiki tusilisubiri lifike fainali ndipo twende uwanjani. Gor ilishinda Afrika kwa njia hiyo hiyo, na kwetu sisi ndiyo njia iliyo karibu zaidi.