Droni ina rubani, tena mwenye miwani

Wanahabari wetu wamezoea kuiita droni 'ndege isiyo na rubani'. Jina hilo lina walakini. Hebu tumtazame anayeirusha.

Wengi hushika rimoti, macho yakihangaika kati ya anga na skrini ya simu. Wengine huvaa miwani inayowaonyesha tu kile ambacho kamera ya droni inaona. Hao hata mikono yao hawaioni, ndiyo maana huhitaji mwenzao wa kuwaangalizia anga. Miwani ya uhalisia mseto ni tofauti. Mvaaji anaendelea kuliona paa na mti ulio mbele yake, lakini juu yake kompyuta inamchorea mambo mengine: droni iko kimo gani, betri imebaki kiasi gani, ipitie wapi. Eneo lililopigwa marufuku laweza kuchorwa kama ukuta. Droni ikijificha nyuma ya jengo, umbo lake huchorwa pale pale ilipo, utadhani jengo ni la kioo. Na kwa kuwa picha na amri huchelewa kidogo njiani, badala ya kusukumana na usukani, rubani aweza kuonyesha kwa kidole mahali anapotaka, nayo ikajipeleka.

Paul Milgram na Fumio Kishino waliieleza dhana hii mwaka wa 1994 kwa mstari mmoja: huku ulimwengu halisi, kule ulimwengu pepe, na vilivyo katikati vyote ni mseto. Neno hilo limetufaa sana. Katika mseto wa mchele na choroko, vyote viwili unaviona sahanini.

Sasa turudi kwa rubani. Neno hili la asili ya Kiarabu lilikuwa la baharini, la mwongoza chombo, kabla halijapaa angani. Likihamia ardhini kwa mvaa miwani, litakuwa limepotoka? La hasha. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo hivi zenyewe zinamtaja rubani wa mbali. Droni ikiangukia paa la jirani, yeye ndiye wa kuulizwa. Ukisema 'haina rubani', umeshamwondolea lawama kabla hata kesi haijasikizwa.

Watanzania wengine husema 'ndege nyuki', tafsiri ya jina la Kiingereza la nyuki dume. Linapendeza, ingawa nyuki dume, jamani, hana mwiba. Mimi nitashika 'droni', na anayeirusha nitamwita rubani.