Mashua kuukuu na bahari kuu

Walionisikiliza redioni Jumapili jioni watakumbuka kwamba niliomba ruhusa ya kuacha siasa na bei ya unga kwa wiki moja, nizungumzie mashua. Kwa kuwa wengi wameomba maelezo yale yaandikwe, haya hapa, pamoja na machache yaliyobanwa na muda wa kipindi.

Jambo lenyewe lilianzia nyumbani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, amefanya kazi katika meli za mizigo kwa miaka 26, muda wote katika chumba cha injini. Alipostaafu alilipwa kiinua mgongo chake. Dada alikuwa amekwisha kuzipangia pesa hizo kazi: bati na mbao za paa la nyumba ambayo kuta zake zimesimama miaka minne zikinyeshewa. Shemeji naye alikuwa na mpango wake. Kuna mashua ya tanga inauzwa Kilifi, alisema, ya faiba, futi 27, zile ambazo wageni huziita yoti. Mwenyewe alirudi kwao Ulaya na hataki tena habari zake. Anaitoa kwa shilingi 450,000.

Nilimwuliza anaitaka ya nini. Akanijibu, "Shemeji, nimepita bahari zote za dunia nikiwa chini ya sitaha. Sijaiona hata moja." Anataka kwenda Komoro, kisha Shelisheli, na Mungu akipenda mbele zaidi.

Dada alinivuta kando jikoni. "Nenda naye," akasema. "Wewe kazi yako ni kuuliza maswali."

Basi nikauliza. Niliwauliza mabaharia, mafundi, na wageni wanaotia nanga katika pwani yetu, nikasoma nilivyovipata. Nilianza nikiwa na dhana kwamba mashua ya plastiki yenye umri wa miaka 40 au 50 ni takataka. Dhana hiyo si kweli, na inafaa nieleze kwa nini.

Faiba ni vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi nyembamba za kioo, vikalowekwa gundi iitwayo resini na kupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu mpaka vikagandamana. Haiozi kama ubao, hailiwi na fukusi wa baharini, wala haihitaji kalafati kila mwaka. Mwaka 1959 kiwanda cha Pearson cha Marekani kilionyesha New York mashua ya futi 28 iitwayo Triton, iliyochorwa na Carl Alberg. Zaidi ya 700 zilijengwa, na mpaka leo baadhi bado zinaelea. Wajenzi wengi wa miaka ile hawakuwa na uzoefu mrefu na kitu hiki kipya, wakaona heri wazidishe unene kuliko wapunguze. Waswidi nao walijenga Albin Vega, ya futi 27, zaidi ya 3,000. Waingereza wakatoa Contessa 26. Ndiyo maana soko la mashua kuukuu duniani limejaa vyombo hivi, na ndiyo maana bei zake ni za chini: vilijengwa vingi, na havifi.

Je, udogo? Hilo nalo lilinitia shaka, maana mtu akiitazama mashua ya futi 27 gatini huona kama kitanda chenye mlingoti. Lakini mwaka 1965 kijana wa Kimarekani wa miaka 16, Robin Lee Graham, aliondoka California peke yake na mashua ya futi 24, akaizunguka dunia, ingawa alimalizia safari kwa mashua kubwa zaidi. Mwaka 1985 Tania Aebi, msichana wa miaka 18, alitoka New York na Contessa 26, akarejea mwaka 1987 akiwa ameizunguka dunia. Na kati ya mwaka 2011 na 2012 Matt Rutherford alizizunguka Amerika zote mbili peke yake bila kutua, siku 309, akipitia barafu ya kaskazini. Chombo chake kilikuwa Albin Vega kuukuu.

Hapo shemeji alikuwa anatabasamu. Sikumwacha atabasamu sana. Graham alipokuwa Bahari ya Hindi, baada tu ya kuondoka visiwa vya Cocos, mlingoti wake ulivunjika. Akaunga tanga la kubahatisha, akaenda hivyo zaidi ya maili 2,000 mpaka Mauritius. Faiba yake haikupasuka. Kilichomwangusha ni vile vitu vilivyofungwa juu yake.

Nadhani hapo ndipo penye siri ya biashara hii nzima. Mnunuzi huangalia mwili wa chombo, anaona kinang'aa, anapigapiga ubavuni kama anayenunua tikiti maji, kisha anatoa pesa. Mwili ndio sehemu inayodumu kuliko zote. Bahari haianzi hapo. Huanza na mlingoti, nyaya, matundu, usukani, matanga.

Agosti 1979 mashindano ya Fastnet, kutoka Uingereza kuelekea mwamba ulioko kusini mwa Ayalandi, yalipigwa na dhoruba. Mashua 303 zilikuwa zimeanza, na washindani 15 walikufa. Mabaharia walizitelekeza mashua 24, wengine wakiingia katika boti za mpira za kuokolea. Baadaye zilipohesabiwa, zilizozama zilikuwa 5 tu. Nyingine zilikutwa zinaelea zenyewe. Katika kundi la vyombo vidogo kabisa, kimoja tu ndicho kilichomaliza, Contessa 32 iitwayo Assent, chombo chembamba chenye farumi nzito chini yake. Kwa hiyo mwili mzuri wa faiba huvumilia mengi, mradi farumi ni ya kutosha kuuinua tena ukilazwa ubavu, na milango yake inafungika barabara.

Tulikwenda Kilifi siku ya Jumanne. Nilimchukua mzee mmoja fundi wa mashua za mbao, mtu wa Lamu. Shemeji alinung'unika kwamba fundi wa mbao atajua nini kuhusu faiba. Mzee hakujibu. Alipanda, akavua viatu, akaanza kutembea juu ya sitaha polepole kwa nyayo tupu, kama anayetafuta sindano. Kabla hajafika mlingotini akasimama. "Hapa panabonyea."

Akatoa kijinyundo kidogo, akagonga. Sehemu nzima ya sitaha ililia ko, ko, ko, kavu. Kuzunguka mlingoti ililia puu, kama mtu anayegonga godoro. Mashua nyingi za faiba zina sitaha ya tabaka mbili nyembamba, na katikati yake mmewekwa ubao mwepesi sana uitwao balsa, ili sitaha iwe ngumu bila kuwa nzito. Kila skrubu iliyopita hapo ni mlango wa maji. Gundi ya pembeni ikichoka, maji huingia, na balsa huoza ikiwa imefichwa pande zote mbili. Kwa hiyo hata ndani ya mashua ya plastiki kulikuwa na ubao, na mzee wa Lamu aliujua kwa unyayo.

Kisha akaangalia vile vipande vya chuma vilivyopenya sitaha ubavuni, ambavyo hushikilia nyaya za mlingoti. Juu vilimetameta. Akamwomba shemeji afungue ubao wa ndani, tukaviona kwa chini: michirizi ya kahawia. Shemeji, mtu wa injini, alinieleza mwenyewe kwa sauti ya chini. Chuma kisichoshika kutu kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikifungiwa mahali penye maji ya chumvi na hewa haifiki, huliwa kwa ndani, kikawa na nyufa usizoziona. Nyaya zenyewe hakuna aliyejua zimewekwa lini, na nilioongea nao wote walikubaliana kwamba zikifika miaka 10 hadi 15 hubadilishwa hata kama zinapendeza.

Hapa inabidi msomaji aliye Nairobi au Morogoro anivumilie kidogo na habari za upepo. Kutoka Mombasa mpaka Mahé ni zaidi ya maili 900 za baharini. Mashua ya futi 27 ikienda vizuri hufanya maili 100 kwa usiku na mchana, basi tuseme siku kumi. Lakini Shelisheli iko mashariki yetu, na pepo zetu zote mbili kubwa, kusi na kaskazi, hutoka upande huo huo wa mashariki. Maana yake utakwenda bisho, siku baada ya siku, wiki mbili pengine, na bisho ndiyo inayovuta nyaya na vile vyuma vya ubavuni kuliko mwendo mwingine wowote. Chombo kinachostahimili matembezi ya jioni ndani ya mkono wa bahari hakijatuambia lolote kuhusu jambo hilo.

Malengelenge tuliyaona pia, chini ya mstari wa maji, madogo kama punje za kunde. Wageni huyaogopa kama ukoma. Ni maji yaliyopenya rangi ya nje yakachanganyika na mabaki ya resini na kufura. Nilivyoelewa, ni mara chache sana yamezamisha mtu. Yanafaa zaidi kwa kupunguza bei.

Tukakwangua koki moja ya shaba kwa kisu, ile inayoruhusu maji ya bahari kuingia kupoza injini. Badala ya manjano ilitoka rangi ya waridi. Zinki imekwisha kuliwa, shaba iliyobaki ni kama biskuti. Koki hiyo ikimeguka usiku ukiwa umelala, ni tundu la kupitisha kidole gumba chini ya maji. Tanga kubwa mzee alilishika mshono, akavuta uzi kwa ukucha, ukakatika. Jua la ikweta hula uzi kabla ya kitambaa. Injini ilikuwa ya dizeli, nayo shemeji aliikagua peke yake kwa muda mrefu bila kusema kitu. Mwisho akafunga kifuniko, akasema, "Imeganda."

Njiani kurudi niliandika hesabu nyuma ya bahasha, bei tulizotajiwa na mafundi. Injini iliyotumika pamoja na kuifunga, 500,000. Nyaya na vyuma vyake, 220,000. Matanga mawili, 250,000. Sitaha, 150,000. Koki na mipira, 40,000. Jumla 1,160,000, kabla ya nanga, redio, mapipa ya maji na boti ya kuokolea. Mashua ya 450,000 ilikuwa inataka milioni moja na laki sita, na ingebaki kuwa mashua ya zamani.

Pia kuna karatasi, jambo ambalo watu husahau kwa furaha ya kununua. Mashua ya mgeni mara nyingi imeandikishwa nchi nyingine na imeingia kwetu kama msafiri, si kama bidhaa. Ikibadilisha mkono, forodha wanaweza kudai ushuru. Ni heri kwenda kuwauliza kabla ya kulipa, na kuhakikisha anayeuza ndiye mwenye jina kwenye hati.

Maoni yangu, na shemeji sasa anayakubali shingo upande, ni kwamba mwenye pesa kidogo asitafute mashua ya bei ndogo. Atafute mashua ndogo ambayo bado inasafiri. Iliyofika mwezi uliopita kutoka ng'ambo imekwisha kufanyiwa mtihani na bahari yenyewe. Iliyofungwa kwenye boya miaka mitano inakungoja wewe uufanye. Na nusu ya pesa ibaki mfukoni siku ya kununua.

Dada aliisoma ile bahasha mara mbili. Akasema pesa za bati zitoke kwanza, zikanunuliwe bati kesho yake, na zitakazobaki hatazisemea neno. Bati zimekwisha kufika.

Juzi shemeji alinipigia simu. Kuna nyingine Mtwapa, futi 25, rangi imembabuka, haivutii hata kidogo. Mwenyewe anaishi ndani yake na ameileta kupitia Mayotte. Anataka 700,000. Tunakwenda Jumamosi na mzee wa Lamu. Tumechagua siku hiyo kwa sababu ni bamvua. Maji yakitoka tutaiegemeza kwenye nguzo, tuuone mkuku na usukani wote mpaka chini.