Je, Wajua? Jiwe Linalomtaja Fundi Wake

Je, wajua kwamba katika kanisa la kijiji cha Bridekirk, mkoani Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kuna birika la ubatizo lililolihifadhi jina la fundi wake kwa zaidi ya miaka 800? Fundi huyo ni Rikarth. Mafundi wengi waliojenga na kupamba makanisa ya zama zake walizikwa na majina yao. Yeye lake alilichonga.

Birika hilo ni la karne ya 12. Ni jiwe la pande nne lililochimbwa juu ili lishike maji, na kila upande umejaa michongo. Upande mmoja Yesu anabatizwa. Kwingine Adamu na Hawa wanafukuzwa Edeni. Wengi wa waumini wa wakati huo hawakujua kusoma, hivyo jiwe liliwafundisha kwa picha: dhambi ilivyoingia duniani, na maji yanayoiondoa.

Kisha, chini ya utepe wa maandishi, yuko mtu mdogo mwenye nyundo na tindo, yumo kazini. Huyo anaaminika kuwa ndiye Rikarth. Maandishi yaliyo juu yake ni mistari miwili yenye vina, na msemaji ni jiwe lenyewe: linaeleza kwamba Rikarth ndiye aliyelitengeneza na kulifikisha kwenye uzuri lilio nao.

Ajabu zaidi ni herufi zake. Lugha ni Kiingereza cha zama hizo, lakini herufi nyingi ni runi, yaani herufi za kale, za aina ya Kiskandinavia, zikichanganywa na chache za mwandiko wa vitabuni. Runi huundwa kwa mistari iliyonyooka, hivyo hukatika vizuri kwenye mbao na mawe. Waskandinavia walihamia Cumbria katika karne ya 10, na jiwe hili ni ushahidi kwamba maandishi yao yalidumu hata pale lugha ya Kiingereza ilipotawala. Baadaye ujuzi wa kuzisoma runi ulipotea huko, kiasi kwamba hata William Camden, mwanahistoria mashuhuri aliyefariki mwaka 1623, alishindwa kuyafumbua maandishi hayo.

Mabirika ya Uingereza yamepitia mengi. Mwaka 1236, Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza yafunikwe na kufungwa kwa kufuli, maana watu waliiba maji yaliyobarikiwa ili wayatumie katika uchawi. Mwaka 1645 Bunge lilileta utaratibu mpya wa ibada uliokataza kubatizia pale mabirika yalipozoeleka kuwekwa. Mengi yalivunjwa au kutupwa nje. Mengine yaliishia kunyweshea mifugo. La Bridekirk lilinusurika. Kanisa la kale lilipoachwa na jipya kujengwa kati ya mwaka 1868 na 1870, birika lilihamia humo, na lipo hadi leo.

Historia ya makanisa huwataja sana maaskofu walioamuru na matajiri waliolipa. Rikarth alijichonga kwenye jiwe lile lile lenye ubatizo wa Kristo, akiwa na zana zake mkononi. Kwa kufanya hivyo alituachia jambo ambalo hati chache za karne yake zinatupa: sura ya mfanyakazi, jina lake, na fahari yake juu ya kazi iliyofanywa vizuri.