Stika Huuzwa Kibaha, Fidia Hudaiwa Posta

Katika biashara zote zilizochipuka kando ya Barabara ya Morogoro, tangu Kiluvya hadi Mlandizi, pengine hakuna iliyo nyepesi kuanzisha kuliko uwakala wa bima ya magari, kwa maana wakala hahitaji ghala wala shehena. Meza moja, kompyuta au simu iliyounganishwa na kampuni anayoiuzia, na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, vyamtosha, na mwenye gari aliyefika Maili Moja asubuhi akiwa hana bima huondoka nayo kabla chai yake haijapoa. Bima ndogo ya gari la mtu binafsi ni shilingi 100,000, ambazo kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hufika 118,000. Bima kubwa, iliyo kinga ya gari lenyewe pia, hukadiriwa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari au zaidi. Zamani stika za bandia zilizagaa hata mtu asijue alichobandika kiooni kina nguvu au ni karatasi tupu. Leo namba ya usajili huulizwa katika mfumo wa TIRA MIS na jibu huja papo hapo, nalo ni jambo la kushukuriwa. Upande huu wa tijara, basi, umenyooka. Ulio mgumu ni ule wa pili, aujuao mtu siku gari lake linapogongwa na mwingine ilhali yeye hana taksiri yoyote, akaambiwa aende akalipwe na kampuni ambayo hakuichagua, hakuilipa hata senti, wala yenyewe haimhesabu kuwa mteja wake.

Tuchukue mfano ulio wa kawaida kabisa. Noah ya abiria imesimama mbele ya kivuko cha waenda kwa miguu pale Picha ya Ndege, na lori la mchanga lililochelewa kushika breki laivamia kwa nyuma: mlango wa buti umebonyea hadi kugusa viti, taa mbili zimepasuka, bampa liko chini, na abiria mmoja analalamikia shingo. Dereva wa lori hashindani. Anashuka, anazunguka, anajishika kichwa, kisha anatamka lile ambalo kila dereva wa njia hii amepata kulisikia au kulisema mwenyewe: “Kaka, tusifike mbali, tuyamalize hapa hapa kiungwana.” Maafikiano ya barabarani si haramu, na kwa kioo cha pembeni kilichovunjika yana busara kuliko kesi, lakini kwa gari lililobonyea kiasi hicho hakuna fundi awezaye kutaja gharama kabla hajafungua, kwani chesi yaweza kuwa imepinda chini ya bati lisiloonyesha kitu, na shingo ya abiria haina bei ya kukisiwa juani, wala mwenye Noah hana idhini ya kuisamehe kwa niaba ya mwenye nayo.

Yafaa kufahamu hapa kwamba sheria ya bima ya vyombo vya moto, iliyo Sura ya 169 ya sheria za nchi na ambayo asili yake ni zama za utawala wa Waingereza, humlazimisha mwenye gari kukata bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu wengine, wala haimlazimishi kwa ajili ya mali zao. Hivyo katika ajali hiyo hiyo moja, abiria na mwenye Noah wana haki za namna mbili mbalimbali: abiria, akiisha kupata hukumu dhidi ya mwenye lori, na akiwa ameiarifu kampuni ya bima kama sheria itakavyo, ana haki ya kuitaka kampuni yenyewe iilipe hukumu ile, ilhali mwenye Noah, kwa bati lake na taa zake, hutegemea yale ambayo mwenye lori na kampuni waliandikiana katika mkataba ambao yeye hakuwamo, na kwa kiwango kilichotajwa humo. Aghalabu mikataba ya bima ndogo huyataja madhara ya mali, lakini kiwango chake ni cha kuulizwa mapema, si baada ya gereji kumaliza kazi.

Kulikuwa na wakati ambapo swali la bima ya nani karibu halikuwapo. Tangu 1967, Azimio la Arusha lilipoleta biashara ya bima mikononi mwa umma, hata sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi, Shirika la Bima la Taifa, NIC, lililoanzishwa 1963, ndilo lililokuwa peke yake katika Tanzania Bara. Aliyegonga na aliyegongwa wote walikuwa wateja wa nyumba moja, na kama nyumba hiyo ilikawia basi iliwakawilia wote kwa usawa. Ushindani umeleta bei, mawakala na wepesi wa kununua; umeleta pia mwanya kati ya kampuni na kampuni, na mwanya huo ndiyo njia anayopita mdai asiye na kosa.

Hatua ya kwanza katika njia hiyo haipo katika bima hata kidogo, bali ipo kwa polisi. Trafiki hufika, hupima, huchora mchoro wa ajali. Aliyeumia hupewa fomu ya polisi, PF 3, aende nayo hospitali ya Tumbi. Na baadaye kampuni itazitaka PF 90 na PF 115 za taarifa ya ajali, PF 93 ya ukaguzi wa gari, pamoja na mchoro wenyewe. Kwa ajali iliyotokea katikati ya mji wa Kibaha mambo haya yana kawaida yake. Kwa ile ya mpakani, kuna tanbihi. Kiluvya ni kata ya wilaya ya Kisarawe, ingawa ukiwa barabarani ungedhani uko Kibaha, na hatua chache upande wa mashariki ni Kibamba, iliyo ya Mkoa wa Dar es Salaam. Vivyo hivyo atokaye Kisarawe mjini kuteremka Pugu hutoka Mkoa wa Pwani na kuingia Dar es Salaam bila kuona badiliko lolote isipokuwa wingi wa nyumba. Aliyegongwa sehemu kama hizo na aulize mapema, tena kabla gari halijavutwa, jalada litafunguliwa kituo gani, kwa maana jalada lililofunguliwa upande mmoja na gari lililolazwa upande mwingine humgharimu nauli na siku ambazo hakuna kampuni itakayomrudishia.

Karatasi inayochelewesha kuliko zote ni nakala ya hukumu. Desturi ya kampuni nyingi ni kutokubali dhima kwa maneno ya mdai, wala kwa ungamo la dereva aliyejishika kichwa barabarani, mpaka uamuzi wa nani mwenye kosa uthibitishwe na mahakama au kwa dereva kukiri na kulipa faini. Dereva akikiri siku ya kwanza, mambo hupungua. Akikana, shauri huahirishwa, shahidi hakuja, hati haijafika, na muda huo wote Noah imeegeshwa. Si ajabu kwamba baadhi ya wenye malori huwaagiza madereva wao wakane kila kitu. Ila jambo moja linanishangaza, nalo ni kwamba kosa la kumgonga kwa nyuma mtu aliyesimama, ambalo mchoro wa trafiki hulionyesha bayana, lapaswa kusubiri utaratibu ule ule wa kosa la njia panda lenye mashahidi wanaopingana.

Baada ya polisi na mahakama huja Posta, kwa maana wakala wa Maili Moja aliyeuza stika ile hana mamlaka ya kulipa madai, na idara za madai za kampuni nyingi zimo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Hapo mdai hupokewa kwa adabu, huitwa mzee hata kama hajafika arobaini, kisha huambiwa neno linalomvunja moyo: “Mteja wetu bado hajatuarifu.” Maana yake ni kwamba mwenye lori, anayetakiwa na mkataba wake kuijulisha kampuni yake, hakufanya hivyo, ama kwa uvivu, ama kwa hofu ya bima yake kupanda, ama kwa kuwa lori lake halikuharibika na hana haja. Aliyegongwa asisubiri hisani hiyo. Na aandike barua mwenyewe, ataje namba za usajili za magari yote mawili, namba ya stika, mahali, siku na kituo cha polisi, aipeleke kwa mkono, na nakala yake ipigwe mhuri wa mapokezi wenye tarehe. Barua isiyo na mhuri, siku ya mabishano, ni kama haikuandikwa.

Ndipo aje mkadiriaji wa hasara. Huyu hulipwa na kampuni, na ingawa wako wakadiriaji waadilifu wa kupigiwa mfano, hakuna mmoja wao aliyetumwa kwenda kuongeza bili. Gereji ya Kibaha huandika taa mpya, mlango mpya, kupiga rangi ubavu mzima. Mkadiriaji hukata, akisema gari ni la miaka mingi na lilikwisha kuchakaa, na vipuri vilivyotumika vyapatikana Ilala kwa nusu ya bei. Ana hoja, maana fidia ni ya kumrudisha mtu alipokuwa, si ya kumpa gari jipya. Lakini hoja hiyo hiyo yapasa ifuatwe hadi mwisho wake, kwa kuwa mwenye Noah, kabla ya kugongwa, alikuwa pia akipokea hesabu ya kila siku kutoka kwa dereva wake, na hesabu hiyo imekatika tangu asubuhi ile. Madai ya kipato kilichopotea yanatambuliwa na sheria ya madhara, ila yataka ushahidi, na hapo ndipo biashara yetu ya usafiri hujikwaa yenyewe, kwani ni wachache wenye daftari la mapato lililoandikwa kwa utaratibu, na wachache zaidi wenye daftari ambalo wangependa Mamlaka ya Mapato ilione.

Mwisho wa mashauriano huletwa karatasi ya kutia sahihi, isemayo kwamba mdai amepokea kiasi fulani na kwamba hana dai lingine lolote, la sasa wala la baadaye, juu ya ajali ile. Wengi huitia sahihi wakiwa wamesimama. Na isomwe mtu akiwa ameketi, na kama ndani yake limo jina la abiria aliyeumia, au maneno “madai yote” bila kubainisha kuwa ni ya gari tu, iandikwe upya kabla ya kalamu kushikwa.

Kwa nini kampuni hukawia? Si lazima tudhani uovu. Bima ndogo ya shilingi 118,000, ukiisha kutoa kodi na kamisheni ya wakala, haimwachii mwenye kampuni fedha za kuajiri karani wa madai kila wilaya. Fauka ya hayo, madai ya uongo yapo, ya magari yaliyobonyea mwaka juzi yakaletwa kama ya jana, na ya bili zilizovimbishwa na fundi aliyeambiwa kwamba anayelipa ni bima. Lakini ni kweli pia kwamba mteja akicheleweshwa huhama mwaka unaofuata, ilhali mgeni akicheleweshwa hana pa kuhamia, na kampuni yoyote ijuayo hesabu hulifahamu hilo.

Kwa malori ya kigeni, ambayo Vigwaza kwenye mizani huyaona mchana na usiku, kuna njia iliyonyooka kuliko watu wanavyodhani. Tanzania imo katika mpango wa Kadi ya Njano wa COMESA, yaani bima ya magari yavukayo mipaka, ijapokuwa si mwanachama wa jumuiya hiyo, na NIC ndiyo ofisi ya mpango huo nchini. Aliyegongwa na lori la Zambia hana haja ya kumfuata mtu Ndola, mradi namba ya kadi ile iliandikwa kabla lori halijaondoka.

Mdai aliyekwama anaweza kumfikia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye husikiliza bila ada baada ya kampuni kutoa jibu lake, au akaenda mahakamani, akikumbuka kwamba sheria ya ukomo wa mashauri ya 1971 humpa miaka mitatu tu kwa dai la madhara kama haya. Mwenye bima kubwa ana khiyari nyingine iliyo njema zaidi: hudai kwa kampuni yake mwenyewe, akabeba sehemu ndogo iliyotajwa katika mkataba, na kampuni ikachukua nafasi yake kumwandama mwenzake. Huko Italia tangu 2007 njia hii imepewa hata mwenye bima ya chini kabisa. Aliyegongwa hulipwa na kampuni yake, nazo kampuni hurejesheana kwa hesabu za jumla. Sioni kizuizi cha kiufundi kwetu, maadamu mfumo wa TIRA MIS tayari unajua kila gari limekatiwa wapi. Kizuizi ni bei. Kampuni itakayolazimika kumhudumia kila mteja wa bima ndogo aliyegongwa itataka zaidi ya 100,000 kabla ya kodi, na wakala yeyote wa Maili Moja au wa Kisarawe mjini atakwambia ni wenye bodaboda wangapi wa Maneromango na Mzenga ambao hata bei yao ya leo huwafanya wageuze pikipiki na kurudi walikotoka.